Gemu ya Kombaini Ilipata Ngapi?

Mmeniuliza mara nyingi, nyinyi mliobaki studio, eti Mama Brian alikuwa anapimaje gemu na yeye hata kufunga bao hawezi. Kila mara niliwajibu mbio mbio kwa sababu taa nyekundu ilikuwa karibu kuwaka. Sasa nimestaafu, taa haiwaki, na mume wangu amenisikiliza mpaka amechoka. Basi mtasoma. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa napata nini, kwa sababu hayo hayatawasaidia kazini na huenda yakawakatisha tamaa. Nitaandika juu ya benchi moja, mtu mmoja, na gemu moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka napiga makofi peke yangu jikoni.

Nilikuja Eldoret kutoka upande wa ziwa nikiwa karani. Kazi yangu redioni ilikuwa kupiga chapa matangazo: vifo, harambee, ng'ombe waliopotea. Kisha vijana wakaanza kupiga simu studio wakiuliza gemu gani mpya inafaa, na hakuna mtangazaji aliyetaka kugusa jambo hilo. Watangazaji walitaka siasa na mpira. Siku moja mkuu wa vipindi, Bwana Wekesa, alikuja akasimama kando ya meza yangu na kikombe chake cha chai.

"Mama Brian, wewe si uko na vijana kwa nyumba?"

"Niko nao."

"Basi hii program ya gemu ni yako. Kila Saturday. Unaambia watu gemu ni nzuri ama ni mbaya, halafu unaipatia marks kama mwalimu."

Sikuwa nimeshika pedi ya kuchezea gemu hata siku moja maishani mwangu. Nilichukua mashine ya kurekodi ya kaseti, nzito kama tofali, nikatoka kwenda kutafuta mahali gemu zinapochezwa. Vijana wa stendi walinielekeza nyuma ya duka moja la spea za trekta, pale pale katikati ya mji. Unapita kati ya matairi na mikanda ya mashine, unainamisha kichwa chini ya mabomba ya eksozi, ndipo unasikia kelele. Kilikuwa chumba kimoja chenye televisheni nne, viti vya plastiki mbele yake, na nyuma ya viti benchi refu la mbao. Mwenye chumba alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, jina lake Njoroge, lakini kila mtu alimwita Baba Shiku. Aliutazama mkoba wangu, akaitazama sketi yangu ya ofisini.

"Mama, umekuja kutafuta mtoto ama umekuja kucheza?"

"Nimekuja kufanya kazi."

"Hapa hakuna mtu anafanya kazi," akasema. "Lakini karibu."

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Alikuwa ameendesha mashine za shamba ujana wake wote kabla hajanunua televisheni, na mikono yake bado ilikuwa ya dereva, mipana na yenye makovu. Aliniona nimekodoa macho kwenye skrini najaribu kuandika kila kitu, akacheka.

"Usiangalie screen, Mama Brian. Angalia benchi."

Na hiyo, vijana wangu, ndiyo siri yote ya kazi hii kwa mji wetu. Kule nje mkosoaji hucheza peke yake sebuleni, akanywa kahawa, akaandika. Kwetu anayecheza ni mmoja na wanaotazama ni kumi. Gemu isiyowashika wanaotazama haitamaliza mwezi. Baba Shiku alinifundisha kulisoma benchi. Wakiegemea ukuta, gemu imelala. Mmoja akitoka kununua mandazi na akachukua muda wake, punguza alama. Wakisogea mbele mpaka magoti yao yanagusa mgongo wa mchezaji, wakaanza kumwambia afanye nini, hapo kuna kitu. Wakimnyang'anya pedi, hapo kuna kitu kikubwa!

Kulikuwa pia na suala la stima. Wale wa nje hawakuwahi kuandika neno juu ya stima, wana bahati yao. Sisi tulipima kila gemu kwa kuuliza: taa zikizimika sasa hivi, nimepoteza nini? Gemu iliyokulazimisha kuanza safari upya kutoka mwanzo ilipoteza alama mbili bila kesi. Kuna moja iliyopigiwa tarumbeta dunia nzima, ya mtu anayetembea kwenye theluji. Sisi tuliipa nne kwa kumi. Stima ilipotea tukiwa tumetembea asubuhi nzima, na iliporudi yule mtu alikuwa amerudishwa kwao.

Alama zenyewe tulitoa wawili, mimi na Baba Shiku, na desturi ilikuwa moja. Nawasha mashine ya kurekodi, tunahesabu pamoja moja, mbili, tatu, halafu kila mtu anataja alama yake kwa sauti wakati ule ule, ili asiwepo wa kumwibia mwenzake. Kisha tunagombana. Huo ugomvi ndio uliokuwa kipindi. Mimi nilikuwa na huruma ya mama, nilikuwa nikigawa saba na nane. Baba Shiku alikuwa mkali kama baridi ya asubuhi kule mashambani Ainabkoi. Aliwahi kuipa gemu moja ya ndondi alama moja, benchi zima likapiga kelele, naye akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akaendelea kunywa soda yake. Niliondoka pale kila Jumamosi sauti imekauka na moyo umejaa. Jamani, nilipenda kazi ile!

Ndipo zikaja kura za 2007, na mwanzo wa mwaka uliofuata makabila yakageukiana, mji wetu ukawaka moto. Sitawaeleza mnayoyajua. Nyumba ya Baba Shiku ilichomwa. Yeye, mkewe na watoto walikimbilia uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya watu, wakalala ndani ya hema la plastiki. Mimi jina langu halikunitia hatarini kwa mtaa wetu mwaka ule; lake la Kikuyu lilimtia. Nilikwenda kumwona nikiwa nimebeba unga na blanketi. Nilimkuta ameketi juu ya dumu la maji, kofia yake ya sufu bado kichwani. Nililia mbele yake. Yeye hakulia.

Mama Shiku na watoto walikwenda kwao Nyahururu. Baba Shiku alirudi mjini peke yake mvua za masika zilipokuwa zikiisha, kwa sababu chumba chake kilikuwa kimepona. Mwenye duka la spea alikuwa amefunga geti, akakataa kulifungua hata alipotishwa. Televisheni zote nne zilikuwa salama. Nilifurahi mno. Nilimwambia Bwana Wekesa tunarudi hewani Jumamosi ile ile.

Benchi lilijaa kama zamani, lakini halikutoa sauti. Hilo nililigundua katika dakika za kwanza, na lilinitia baridi. Mnajua sisi wa mji huu, mtu akifungua mdomo tu, Kiswahili chake kinataja kwao. Mimi nikisema neno mnajua nimetoka ziwani. Mkalenjin anajulikana, Mluhya anajulikana, Mkikuyu anajulikana hata akisema "habari" peke yake. Mwaka ule hakuna aliyetaka kujulikana. Bao lilifungwa na watu kumi wakalitazama kama watu waliomezwa na msiba. Walikuja, walicheza, walikwenda. Sasa nitapimaje gemu kwa benchi lisilosema?

Baba Shiku naye alikuwa ameanza ugonjwa wake. Tulihesabu moja, mbili, tatu.

"Saba!" nikasema.

"Tano," akasema.

Gemu ya magari iliyofuata, tano. Gemu ya mieleka, ambayo ilikuwa takataka na sote tulijua ni takataka, tano. Kila Jumamosi tano, kwa sauti ndogo, bila sababu, bila ugomvi. Nilimvuta kando tukasimama kati ya matairi.

"Baba Shiku, hii tano yako ni ya nini?"

"Tano haikasirishi mtu, Mama Brian."

"Na wewe ni wa kukasirisha watu! Ndiyo kazi yako!"

"Ilikuwa," akasema. Halafu akaniambia amezungumza na mfanyabiashara mmoja wa Kitale. Atachukua televisheni zote, viti, kila kitu. Angekuja Jumatatu moja baada ya mavuno kuanza, na Baba Shiku angepanda gari kwenda Nyahururu, asirudi. "Mimi siwezi kuishi mahali nanong'ona," akasema. Nilijua akienda kipindi kimekwisha, kwa maana bila yeye sikuwa na wa kugombana naye, lakini si kipindi kilichoniuma. Iliniuma kwamba mtu aliyenifundisha kusikiliza kelele alikuwa anaondoka kimya kimya, nasi sote tunamtazama tu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatatu ile ilifika. Sikuwa na gemu ya maana ya kupima. Nilikuwa nimebakiwa na moja tu, aliyoniletea Chebet, msichana wa chuo aliyekuwa mteja wetu wa miaka. Ilikuwa gemu ya ukulima. Hakuna bunduki, hakuna mpira. Unapewa shamba, trekta na kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia ngano, unalima, unapanda, unavuna. Magazeti ya nje yalikuwa yameichapa bila huruma: inachosha, hakuna kinachotokea, nne kwa kumi. Nilijisemea potelea mbali, na tufunge kwa hiyo.

Chebet aliketi, akachukua pedi, akawasha kombaini. Baba Shiku alikuwa pembeni anakunja nyaya za televisheni nyingine kwa ajili ya safari. Sauti ya injini ilitoka kwenye spika kubwa na ikajaza chumba. Sasa kumbukeni tulikuwa wapi. Ni msimu wa kuvuna ngano, na dukani mbele kulikuwa na foleni ya wakulima waliokuja kutafuta mikanda na bearing, kila mtu na kombaini yake imeharibika shambani. Pazia la mlangoni likafunguliwa, na kichwa cha mzee mwenye koti la mvua kikaingia.

"Nani anawasha kombaini ndani ya nyumba?"

Huyo alikuwa Mzee Kosgei, mkulima wa Ainabkoi. Alikodolea macho televisheni, akaingia bila kuvua koti, akaketi kwenye benchi. Nyuma yake wakaingia wengine wawili na vipuri vyao mkononi, vimejaa grisi. Chebet aliingiza kombaini katikati ya shamba akaanza kukata.

Benchi lilivumilia. Nililiona likivumilia! Midomo imefungwa, lakini magoti yamesogea. Chebet akakata mstari mmoja uliopinda kama njia ya ng'ombe, akageuza, akakanyaga ngano ambayo hajakata. Jamaa mmoja wa Bungoma pale mwisho alikohoa. Mwingine akashika kichwa. Chebet akakanyaga tena.

"Wewe!" Mzee Kosgei alishindwa. "Anza kando! Zunguka kando kwanza, halafu uingie katikati!"

"Na tenki imejaa," akasema yule wa Bungoma. "Lori iko wapi? Ita lori!"

"Lori gani, hii mashamba haina lori!"

"Iko! Hapo nyuma ya nyumba!"

Miezi yote hiyo sikuwa nimesikia sauti mbili zikigongana ndani ya chumba kile, na sasa zilikuwa tano, sita, kila moja na lafudhi ya kwao, na nitasema kweli, kwanza niliogopa. Kelele za watu zilikuwa bado zinanikumbusha mambo mengine. Nilitazama mlango ulipo.

Hapo ndipo Chebet alipoielekeza kombaini kwenye jiwe. Jiwe kubwa, limechorwa vizuri, mbele kabisa ya meno ya kukatia. Na kutoka pembeni, kwenye rundo la nyaya, ilitoka sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Desemba.

"Inua hiyo kitu ya mbere! Inua! Utavunja visu zote, wewe msichana!"

Chebet aliachilia pedi, kombaini ikasimama. Ile "mbere" ya Kikuyu, badala ya "mbele", ilikuwa imetaja kila kitu, kabila, mtaa, hema la plastiki, yote. Baba Shiku alisimama na waya mkononi, na niliona uso wake unafunga kama duka. Mzee Kosgei aligeuka polepole kwenye benchi akamtazama.

"Wewe umewahi kuendesha kombaini?"

"Nimeendesha," Baba Shiku akajibu. "Ainabkoi. Ile ya rangi nyekundu, ya ile shamba karibu na kituo."

"Ile nyekundu yenye ilikuwa inamwaga ngano kwa barabara?"

"Hiyo si mimi! Hiyo ni dereva alikuja nyuma yangu!"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mzee Kosgei hakucheka. Alitazama mkanda wa mashine aliokuwa ameushika.

"Tangu mtoke, hakuna dereva kule. Ngano yangu imesimama mpaka inaanguka."

"Mzee," Baba Shiku akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kweli, si ile ya tano, "sisi hatukutoka. Tulitolewa."

Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye maji mengi. Mzee Kosgei akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Mlitolewa. Hiyo ni kweli, na ni vibaya." Akasogea kando kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja. "Sasa kuja hapa ushike hii kitu. Huyu msichana anatumalizia ngano."

Baba Shiku akaangusha nyaya.

Enyi watoto, kama mngekuwako! Alichukua pedi na ile mikono yake mipana, vidole havikujua wapi pa kubonyeza, Chebet akawa anamwonyesha, na benchi zima likawa linamwendesha. Zunguka kando! Punguza mwendo, hapo ngano imelala! Lori! Lori! Wakulima waliobaki dukani walikuja kusimama mlangoni, mwenye duka akaja kuuliza wateja wake wameenda wapi, naye akabaki. Yule wa Bungoma alibishana na Mzee Kosgei kama inafaa kuvuna kabla umande haujakauka, wakashikana mabega wakibishana, na hakuna aliyekumbuka kuficha anavyosema "ngano". Kila mtu aliongea kama kwao. Shamba la mwisho lilipokwisha, walishangilia mpaka mabomba ya eksozi yakagongana dukani. Nilikuwa natokwa na machozi huku nacheka, na mashine ya kurekodi ilikuwa inazunguka kwenye mapaja yangu.

"Haya!" nikapaza sauti. "Alama! Baba Shiku, uko tayari?"

Tukahesabu, na benchi likahesabu nasi. Moja, mbili, tatu.

"Tisa!" nikasema.

"Tatu!" akasema.

Wacha nyumba ivume! Tatu? Wewe umecheza asubuhi nzima, jasho linakutoka, halafu tatu? Yule wa Bungoma alisimama kabisa. Chebet alimwambia ni mtu bila aibu. Mzee Kosgei aligonga benchi kwa mkanda wake wa mashine. Baba Shiku alivua kofia akajipangusa uso, akaisogelea mashine yangu ya kurekodi, na alichosema kilikwenda hewani alasiri ile bila mimi kukata hata neno.

"Tatu! Nimegonga jiwe na kisu haijavunjika. Mvua haijanyesha hata mara moja. Hakuna mtu anangoja dereva, hakuna ndege inakula. Nani alilima namna hiyo? Wazungu waliipatia nne, hao walikuwa na huruma. Mimi ni tatu, na sibadirishi!"

"Badilisha!" benchi likanguruma.

"Sibadirishi! Mwenye hataki, akuje hapa Jumatatu tubishane!"

Mwenyewe alisikia alichosema baada ya kukisema. Alinitazama. Nilizima mashine kabla hajapata nafasi ya kusema kingine, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kazi yangu.

Jumatatu niliomba ruhusa ofisini nikaenda mapema. Gari la mtu wa Kitale lilikuwa limeegeshwa nje ya duka la spea, tupu, na mwenyewe alikuwa ndani anampigia Baba Shiku kelele kwamba alama tatu kwa gemu ile ni chache mno. Nilitafuta pa kukaa kwenye benchi, nikakosa.